CHETI CHA KUHUDHURIA SI CHETI CHA KUJUA: nani anawafundisha vijana wa machimboni kuhusu ulevi?

SEHEMU YA 1

Mlionizoea mnajua huku kwangu huwa ni presha, kliniki ya wajawazito na TB. Leo nagusa jambo jingine, na ni refu, kwa hiyo nitalikata vipande. Soma ukiwa umetulia.

Ukitaka kulipua baruti kwenye duara, iwe Nyarugusu, Rwamagasa au huku kwetu Mwakitolyo, sheria inakutaka uwe na cheti cha ulipuaji. Tume ya Madini haijali kwamba baba yako alikuwa mlipuaji, wala kwamba una moyo wa kujitolea. Mimi nisingeruhusiwa kumchoma mgonjwa sindano bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hata dhahabu yenyewe, tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, inatakiwa ipite kwa mtu mwenye leseni, ipimwe, iandikwe.

Sasa niambieni. Ukitaka kusimama mbele ya wanafunzi mia sita wa sekondari, au mbele ya vijana wanaosubiri zamu ya kuzama, uwaambie waishi vipi na pombe, bangi, mirungi na vile vidonge vya maumivu vinavyouzwa kama karanga, unatakiwa uwe na nini?

Fulana na kipaza sauti. Basi.

Hoja yangu ni hiyo tu, na nitaitetea mpaka mwisho: anayejiita mwelimishaji au mtaalamu wa kinga dhidi ya ulevi na dawa za kulevya apimwe, apewe cheti kinachoweza kunyang'anywa, na jina lake liwe kwenye orodha ambayo mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuifungua na kulitafuta. Nasema cheti kwa maana ya mtu aliyefanya mtihani na kusimamiwa kazini. Vile vya "ameshiriki semina ya siku mbili" tunavyo vingi. Hata mimi ninavyo kwenye bahasha, kimoja kina jina langu limekosewa.

SEHEMU YA 2

Kuna watu wamesoma sehemu ya kwanza wakasema, "Nesi, kuongea na vijana nako kunahitaji mtihani? Ni maneno tu, hayaui mtu."

Yanaua. Ngoja nieleze.

Hospitali sitaitaja, kikundi sitakitaja. Mchimbaji mmoja, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, alikuwa anakunywa kila siku kwa miaka. Gongo ikikosekana, pombe kali ya dukani. Asubuhi kabla ya kuzama lazima apate kidogo, mwenyewe anasema ni ya kutoa woga. Kikaja kikundi cha watu wema kabisa, wana kampeni ya kuacha pombe siku hiyo hiyo. Akaitwa mbele, akaahidi, akapigiwa makofi. Ili asirudi kilabuni, wakamchukua wakamweka kwenye chumba cha mmoja wao, wakafunga mlango, wakamwekea maji na uji.

Siku ya pili akapata degedege. Wakaombea. Siku ya tatu akawa anafukuza wadudu ukutani ambao hawapo, mwili unawaka moto, anatetemeka kitanda kizima kinasogea. Ndipo wakamleta. Alipona, tunashukuru. Lakini wodini wote tulijua ilikuwa imebaki kidogo sana.

Sasa tuelewane kitaalamu kidogo. Mtaani neno ni arosto, na watu wanadhani arosto zote ni sawa. Hazifanani. Arosto ya heroini inatesa mno, mtu anaharisha, anatapika, mifupa inauma, lakini kwa mtu mzima ambaye hana ugonjwa mwingine ni nadra imuue akipata maji na uangalizi. Arosto ya pombe, kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, inaweza kumuua. Kutetemeka huanza saa chache tu baada ya kikombe cha mwisho. Degedege hutokea mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Maluweluwe yenyewe, yale ya wadudu ukutani, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Mtu huyo anatakiwa kupunguziwa kwa dawa chini ya uangalizi, na apewe vitamini B1, tena kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari, la sivyo ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Hayo huwezi kuyafanya kwenye chumba kilichofungwa kufuli.

Na waliomleta hawakuwa watu wabaya. Mmoja alilala nje ya wodi siku mbili kwenye kanga. Walichokosa ni maswali matatu: Unakunywa kila siku? Ukikosa asubuhi unatetemeka? Umewahi kupata degedege ulipoacha? Jibu likiwa ndiyo, humwambii "acha leo." Unamwambia "twende hospitali kwanza." Maswali matatu tu! Lakini mtu wa kuyauliza lazima awe amefundishwa, na awe amepimwa kuona kama yamemkaa kichwani.

Niongeze moja la haraka kwa sababu huku kwetu vumbi la mawe na TB ni ndugu. Mchimbaji aliye kwenye dozi ya TB akiendelea kunywa, ini linabebeshwa mzigo mara mbili. Nimekutana na waelimishaji wanaowaambia watu "ukinywa pombe usimeze dawa, vitagombana." Mtu anasikiliza, anachagua pombe, anaacha dozi. Ushauri sahihi ni kwamba usiache dawa, njoo tuongee kuhusu pombe. Sentensi moja ikigeuzwa, tayari una TB sugu kwenye kambi ya watu mia mbili wanaolala wanne wanne kwenye turubai moja.

SEHEMU YA 3

Hii ndiyo itawaudhi wengi. Mnivumilie.

Mfumo wetu wa kutoa elimu unajulikana. Anakuja askari, anaonyesha kete. Anakuja kijana aliyewahi kutumia, anasimulia alivyoiba simu ya mama yake na kulala mtaroni. Zinaonyeshwa picha za mapafu. Watoto wanapiga kelele, wanapiga picha, wanaimba, wanaondoka. Ripoti inaandikwa: wanafunzi 600 wamefikiwa.

Umoja wa Mataifa, kupitia ofisi yake ya dawa za kulevya na uhalifu, ulitoa viwango vya kimataifa vya kinga mwaka 2013, kisha mwaka 2018 ukavitoa upya pamoja na Shirika la Afya Duniani. Walikusanya tafiti na kuzichuja. Kwenye elimu ya shuleni wakataja waziwazi yale yanayoendana na kutofanikiwa, au hata na kuleta madhara: kuhutubia bila kuwashirikisha watoto, kutoa taarifa peke yake hasa za kutisha, kutumia ushuhuda wa waliowahi kutumia, na kumtumia askari kama mwalimu wa somo.

Soma tena hiyo orodha. Si ndiyo ratiba yetu ya siku nzima?

Wamarekani walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1983 pale Los Angeles ulianza mpango ulioitwa D.A.R.E., polisi wanaingia madarasani kufundisha watoto kukataa dawa. Ulienea nchi nzima, wazazi wakaupenda, wanasiasa wakaupenda, watoto walipewa fulana. Watafiti walipokuja kupima, mwaka baada ya mwaka, wakakuta tofauti kati ya mtoto aliyepita kwenye mpango na ambaye hakupita ni ndogo mno, karibu na hakuna. Baadaye ilibidi mtaala wenyewe ubadilishwe. Ukiuliza kwa nini ulidumu muda wote huo, jibu ni kwamba kila mtu aliupima kwa macho: ukumbi umejaa, watoto wamefurahi.

Siwasemi vibaya askari, kazi yao ya kukamata ni ngumu na inahitajika. Ila kukamata ni taaluma moja na kufundisha mtoto wa miaka kumi na tatu ni nyingine.

Na kuhusu hao vijana wa ushuhuda, mimi roho inaniuma zaidi kwa ajili yao kuliko kwa ajili ya wasikilizaji. Namfahamu mmoja. Alikuwa na miezi minne bila kutumia. Akapandishwa jukwaani kwenye bonanza la mpira, akasimulia kila kitu, hadi mambo ya mke wake. Akapewa posho na fulana. Jioni ile mwenye duara alilokuwa anafanyia kazi alikuwa amekwishasikia. Jumatatu hana kazi. Mwezi haukuisha akarudi kwenye kutumia. Unamshtaki nani? Aliyemshika kipaza sauti hana maadili aliyosaini popote, hana bodi, hana namba. Mimi nikitoa siri ya mgonjwa wangu kuna mahali pa kunipeleka.

Kinachofanya kazi ni vitu vya kawaida, havipendezi kwenye picha. Mazoezi ya darasani ya kujifunza kukataa, kuamua, kudhibiti hasira, vipindi vingi mfululizo, watoto wakiwa wanazungumza wenyewe. Kuwafundisha wazazi namna ya kuwa karibu na mtoto na kumwekea mipaka bila fimbo. Ushauri mfupi wa dakika tano mpaka kumi na tano kituo cha afya kwa mtu aliyekuja na jeraha la nyundo huku ananuka pombe, ukitumia dodoso kama lile la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10. Na mazingira: nani anauza, saa ngapi, kwa bei gani, umbali gani kutoka shule. Mnakumbuka viroba vilivyopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017? Ile ilikuwa kinga ya kweli. Wanafunzi walikuwa wanaficha kiroba kwenye soksi. (Kwamba baadaye zilikuja chupa ndogo za bei ya kutupa, hiyo ni hadithi ya siku nyingine na nina mengi ya kusema.)

Na machimbo yana mambo yake ambayo mtaala wa mjini hauyajui. Huku mtu hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anakaa wiki sita hana kitu, anakula kwa mkopo kwa mama lishe. Siku duara likitema, anashika hela kubwa kwa mkupuo, na kilabu kiko hatua ishirini kutoka kwenye karasha. Rashi ikitokea Mbogwe, kambi nzima inahama usiku, na wauza gongo wanafika kabla ya choo cha kwanza hakijachimbwa. Mtu wa kinga anayejua kazi yake angeanzia hapo: siku ya mgao, kwa wenye maduara, kwa wanaoshika hela. Hotuba ya Jumamosi uwanjani inamkuta mtu ambaye hela yake iliisha Alhamisi.

SEHEMU YA 4

Inboksi imejaa. Nitajibu moja tu, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza kichwa na kijana aliyeiandika ana haki.

Kaandika hivi, nafupisha kwa ruhusa yake: "Dada nesi, mimi niliishia darasa la saba. Nimeacha miaka sita. Vijana wananisikiliza mimi kuliko daktari kwa sababu tulivuta pamoja. Ukileta vyeti, watakuja watu wa digrii kutoka Dar, sisi tutarudishwa nyuma ya foleni."

Mdogo wangu, hofu yako ni ya kweli. Nimeona kazi nyingi zikifanywa hivyo: wenyeji wanafungua njia, karatasi zinakuja, wenyeji wanabeba viti.

Lakini angalia wenzetu walivyopanga ngazi. Marekani na baadhi ya nchi nyingine kuna umoja wa bodi za vyeti, unaitwa IC&RC. Kiwango chao cha chini kwa mtaalamu wa kinga ni saa 2,000 za kazi, saa 120 za mafunzo, saa 120 za kusimamiwa na mtu mwenye uzoefu, mtihani mmoja, na kusaini kanuni za maadili. Hesabu vizuri. Kitu kizito kuliko vyote hapo ni saa za kazi, na wewe unazo tayari. Mpango wa Colombo, wenye makao yake Sri Lanka, nao umeandaa mitaala miwili inayotumika nchi nyingi, mmoja wa tiba na mmoja wa kinga, na vyeti vyake vimepangwa kwa madaraja. Kwa hiyo si kweli kwamba cheti lazima kimaanishe digrii.

Ninachokitaka kwa ajili ya machimbo yetu ni ngazi ya kwanza ambayo mtu wa darasa la saba anaweza kuipanda. Mafunzo kwa Kiswahili. Mtihani kwa Kiswahili, na sehemu kubwa iwe ya mdomo na ya kuonyesha: nikuletee mtu anayetetemeka, unafanya nini? Nikuletee binti wa miaka kumi na tano anayefanya kazi baa na anakuomba usimwambie mtu, unafanya nini? Nikuletee mwenye duara anayewalipa vijana kwa pombe, unaanzaje mazungumzo? Hapo mwenye digrii wa Dar akija bila kujua karasha ni nini, atafeli, na afeli.

Na uzoefu wako wa kutumia uhesabiwe kama uzoefu wa kujua mazingira. Usihesabiwe kama mafunzo. Mimi nimejifungua mara mbili, lakini siyo hicho kilichonifanya nijue kuzalisha.

Kitu ambacho nitakipigania zaidi ni zile saa za kusimamiwa. Watu wakisikia cheti wanawaza mtihani. Mtihani unapita kwa asubuhi moja. Kusimamiwa ni kuwa na mtu unayekaa naye kila baada ya wiki mbili, unamwambia "huyu alinishinda, huyu alinikasirisha, huyu alinipa hamu ya kutumia tena." Huyo wa mwisho ndiye muhimu kwako, mdogo wangu. Unaingia kambini kila siku, harufu iko pale pale, marafiki wako pale pale. Nani anakuuliza wewe unaendeleaje? Leo hakuna. Unapewa fulana.

Kuna aliyesema vyeti vitageuka biashara, watu watanunua. Inawezekana, tunajuana. Ndiyo maana nasisitiza orodha ya wazi na uwezo wa kumfuta mtu. Karatasi ya ukutani inaghushiwa stationari kwa dakika kumi. Jina kwenye rejista ya serikali ni vigumu kidogo.

SEHEMU YA 5

Ya mwisho. Nani afanye?

Tunayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2015. Elimu na kinga ni sehemu ya kazi yake, na nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba hausi, ziko chini ya jicho lake. Kwenye tiba nchi hii imefanya jambo kubwa: methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011 kwenye hospitali ya umma, na huku Kanda ya Ziwa ikafika Mwanza, pale Sekou Toure. Ile kazi ilifanikiwa kwa sababu hakuna aliyesema methadoni igawiwe na mwenye moyo mzuri. Kuna daktari, kuna muuguzi, kuna daftari, mtu anakunywa dawa mbele ya dirisha. Nidhamu hiyo hiyo ndiyo ninayoiomba ishuke mpaka kwenye kinga.

Ila kuna shimo, na wengi hawalioni. Methadoni ni ya watumiaji wa heroini na jamii yake. Haimsaidii mlevi wa gongo wala mvuta bangi. Na sheria ya DCEA ni ya dawa za kulevya, pombe haimo. Pombe iko kwenye sheria ya vileo ya mwaka 1968 na leseni za halmashauri, ambako inaonekana zaidi kama mapato. Sasa hapa kwetu, Kahama mpaka Katoro, ukinipa wagonjwa kumi walioharibiwa na kilevi, mimi nitakuonyesha pombe kwanza. Kwa hiyo ikitokea cheti kikaandaliwa na watu wa dawa za kulevya peke yao, tutapata wataalamu wanaojua heroini vizuri na wanaompita mlevi wa gongo mlangoni. Wizara ya Afya lazima ikae meza moja na DCEA, na TAMISEMI iwepo kwa sababu ndiyo yenye shule, zahanati na maafisa ustawi wa jamii.

Watu wa kuanza nao wapo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaochaguliwa na vijiji na mitaa yao wenyewe na kufundishwa miezi sita. Kwenye vijiji vyenye machimbo, wachukuliwe baadhi yao waongezewe ngazi hii ya kinga, wakae pamoja na vijana kama yule wa inboksi, wafanye mtihani mmoja.

Pesa? Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2017, mwenye leseni anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Tumejenga madarasa, zahanati, stendi, sawa, na mimi mwenyewe nanufaika na majengo hayo. Lakini madiwani wetu wa Geita, Msalala, Kahama na Shinyanga, kwenye mpango unaofuata ombeni mstari mmoja mdogo: mafunzo, usimamizi na posho ya kila mwezi ya watu wa kinga, wachache kwa kila kata yenye machimbo. Ni hela ndogo ukilinganisha na darasa moja.

Wakati hayo yanasubiriwa, walimu wakuu mnaonisoma, mkiletewa barua ya kikundi kinachotaka kuongea na watoto, ulizeni haya kabla ya kugonga muhuri. Mtakuja mara ngapi? Ikiwa ni mara moja, waambieni asante. Nani amewafundisha, na anapatikana kwa simu leo? Mtoto akibaki nyuma baada ya kipindi akasema "mimi natumia," mnampeleka wapi, kwa jina la kituo na jina la mhudumu? Wakijikanyaga kwenye la tatu, msiwape ukumbi.

Na wewe mwenye ndugu anayekunywa kila siku na anatetemeka asubuhi: usimfungie ndani, usimwagie pombe yake yote leo. Mlete kituo cha afya tumwone kwanza.

Nina zamu ya usiku leo na kesho. Maoni nitajibu Alhamisi.